Gari Nililoliosha Kabla ya Kulipeleka kwa Fundi

Hali zilikuwa hivi. Gari letu lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, dogo la rangi ya fedha, lililoingia nchini likiwa tayari limetumiwa na watu nisiowajua, na kiyoyozi chake kilikuwa kimeacha kutoa baridi miaka minne kabla ya habari hii. Sikukitengeneza kwa kuwa sikukihitaji. Asubuhi za Nairobi zina ubaridi wake, na mchana nilishusha vioo kama watu wengine.

Mama yangu, ambaye alikuwa anakaribia miaka themanini, aliishi nami katika nyumba ya kupanga huko Tassia, orofa ya kwanza, mahali ambapo ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kugusa ukuta wa jirani. Kifua chake kilikuwa kibovu. Alikuwa amepika kwa kuni kwa muda mrefu katika jiko lisilo na pa kutokea moshi, kisha kwa makaa, na daktari alitueleza kwamba mapafu hayasahau mambo hayo hata mtu akihamia gesi. Mwaka huo kliniki ya kifua ilimpa nafasi katika kikundi cha mazoezi ya kupumua: vikao kumi na viwili, kila Jumanne, saa saba mchana. Mlangoni palikuwa pamebandikwa kanuni moja kwa herufi kubwa. Atakayekosa vikao vitatu, nafasi yake atapewa mwingine anayengoja. Muuguzi alituambia, bila ukali wowote, kwamba kikundi kingine kingeanza mwaka ambao ungefuata.

Njia ya kwenda kliniki saa hizo ni ya malori, vumbi la ujenzi, majiko ya mahindi na takataka zinazochomwa kando ya barabara. Daktari alikuwa ameagiza kwamba vioo vya gari visifunguliwe kamwe mama akiwemo. Kikao cha kwanza tulitii. Mama alifika akiwa ameloa jasho kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatuni, akakaa kwenye benchi, akawatazama wenzake wakifanya mazoezi. Kikao cha pili nilifungua kioo kimoja nusu. Alifika akikohoa hata muuguzi akamwekea oksijeni badala ya mazoezi. Kikao cha tatu niliita teksi, na dereva alipoombwa awashe AC alijibu, "Hiyo ilikufa, mathe, lakini nikikimbia utaskia upepo." Tulishuka kabla ya kutoka Tassia. Kikao cha nne mama hakuvaa viatu.

"Baba," aliniambia. Mimi ni mwanawe wa pili, nilipewa jina la babake kwa desturi ya kwetu, na kwa hiyo tangu nikiwa mtoto ameniita baba, hata anaponigombeza. "Baba, mimi siendi tena kupikwa. Kama ni kufa, nifie kwenye kiti changu, si pale kwa taa za barabarani nikiangaliwa na makanga wa matatu."

"Vimebaki vikao vinane tu, mama."

"Vihesabu wewe. Wewe ndiye wa kuhesabu."

Niliviweka viatu vyake kando ya kiti. Naye, baada ya kuvuta pumzi mara tatu au nne, kwani wakati huo hakuweza kusema sana bila kupumzika, aliongeza, "Nitengenezee baridi, nitakwenda. Kama hakuna baridi, usiniamshe."

Alikuwa amekosa viwili, kile cha teksi na cha siku hiyo. Cha tatu kingemwondoa kikundini. Bahati ilitupa nafasi moja: ukumbi wa mazoezi ulikuwa unatiwa sakafu mpya, na vikao vilisimamishwa kwa wiki mbili. Kuanzia Jumanne ile aliyokataa kuvaa viatu hadi Jumanne ya kikao cha tano zilikuwepo siku ishirini na moja. Niliziandika katika daftari, mstari mmoja kwa kila siku, nikaanza.

Siku ya pili nilimwendea fundi mmoja wa kando ya barabara, si mbali na Pipeline, mwenye mtungi wa gesi na kipimo kimoja. Alijaza gesi kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Baridi ikatoka, kweli, hata kioo kikafanya ukungu. Nilimuuliza kama haikufaa kwanza kutafuta mahali ambapo gesi ya zamani ilivujia.

"Hiyo huenda tu, mzee," alisema. "Ikienda unarudi, nakujazia."

Nilielewa baadaye kwamba ndivyo watu wengi wanavyofanya katika mitaa yetu. Gesi ya gari hutiwa kama salio la simu: likiisha, unaongeza, wala hakuna anayeuliza limekwenda wapi. Siku nne baada ya kujaziwa, upepo ulitoka wa joto kama mwanzo. Nilikuwa na kipimajoto kidogo nilichokuwa nikikichomeka katika tundu la hewa kila asubuhi na kuandika nilichokisoma. Siku ya kwanza nyuzi tisa, ya pili kumi na moja, ya tatu kumi na tisa. Siku ya nne sikuwa na haja ya kipimajoto. Katika daftari hilohilo niliandika pia mambo mengine niliyoyaona, hata yale niliyodhani hayana maana, kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kusoma hati za zamani za Kiswahili na kuzieleza, na kazi hiyo hukuzoeza kuandika kwanza na kuhukumu baadaye. Kwa hakika nilikuwa nimeandika jambo lililohitajika. Kasoro yangu ilikuwa kwamba nililihukumu mapema.

Muuza nyama wa mtaani kwetu ndiye aliyenielekeza Huruma, kwa fundi aliyemtengenezea friji yake. Nilimkuta nyuma ya maghorofa, katika uwanja mdogo unaoteremka kuelekea mtoni, kati ya wachomeleaji wawili wa milango ya chuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa magharibi, aliyeanza na friji za baa na bucha kabla ya kuhamia magari. Aprono yake ilikuwa ya turubai, na funguo zake zilipangwa katika kitambaa kwa ukubwa. Jambo hilo la mwisho lilinipa matumaini.

"Niaje, mzee. Inasumbua nini?"

"Gesi inavuja. Nataka kujua inavujia wapi."

Alinitazama. "Watu huja hapa wanataka baridi. Wewe unataka kujua." Akacheka. "Wewe ni mwalimu."

Sikuweza kukana, na tangu hapo hakuniita vingine.

Alinieleza mpango wake wazi. Angetia gesi pamoja na rangi ya majimaji ya kijani, ambayo huchanganyika na mafuta ya mtambo na kuzunguka nayo. Pale gesi inapopenyea, mafuta nayo hutoka kidogo, na rangi hubaki pale. Kwa macho ya kawaida huioni, ila ukiimulika kwa taa yake maalumu ya zambarau hung'aa. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari kwa wiki moja, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha nirudi. Niliandika yote hayo. Nilimuuliza kama kuna la ziada. Alisema hakuna.

Wiki hiyo niliendesha gari kuliko nilivyohitaji. Nilikwenda Majengo kununua kitabu ambacho nilijua hakipo, nikarudi kwa njia ndefu. Mama alikaa nami siku mbili za mwanzo baridi ilipokuwapo, kujaribu, na siku ya pili alipitisha kidole kwenye kioo cha mbele kwa upande wa ndani.

"Kioo chako kina mafuta," alisema.

"Ni mafuta yako ya kujipaka, mama. Unashika kila mahali."

"Mimi najipaka usoni, sijipaki kwa kioo."

Nilikifuta, nikaandika: *Utando wa mafuta, kioo cha mbele, ndani. Mafuta ya mama.* Kesho yake ulikuwa umerudi, na keshokutwa pia; kila mara niliuandika na kuufuta.

Jumatatu ya kurudi Huruma ilipofika, nililiosha gari.

Yafaa nieleze kwa nini, kwa kuwa hapo ndipo kosa lilipo. Mama alitulea katika chumba kimoja, sisi watano, na alikuwa na sheria chache zisizojadiliwa. Mtu haendi hospitali bila kuoga na kubadilisha nguo za ndani. Nguo ya kushonwa hupelekwa kwa fundi wa cherehani ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, hata kama inakwenda kukatwa. Radio ya kutengenezwa hupanguswa vumbi kwanza. Hakutaka mtu yeyote afungue kitu chetu akute uchafu aseme tunaishi vibaya. Mimi nimezeeka na sheria hizo mwilini. Kwa hiyo asubuhi ile, mapema, niliwaita vijana wa kuosha magari, wakaja na bomba la nguvu na sabuni. Mama alikuwa amekaa kwenye balkoni akiwasimamia.

"Hata chini ya boneti!" aliwaambia kutoka juu. "Fundi aone tunajiheshimu."

Wakaosha hata chini ya boneti. Wakaosha chini ya gari pia. Mabomba ya alumini yaling'aa kama sufuria za harusi.

Kule Huruma fundi alifunika boneti iliyo wazi kwa blanketi zito, ili kuzuia mwanga wa mchana, akaingiza kichwa na taa yake, akaniambia niingize changu. Tulikaa mle gizani, tukinusa sabuni. Alimulika kompresa, pampu inayosukuma gesi. Hakuna. Alimulika viungo vya mabomba kimoja kimoja, kisha kondensa yote iliyo mbele ya rejeta, juu hadi chini. Hakuna hata nukta ya kijani. Taa ilisimama.

"Mwalimu."

"Naam."

"Umeosha hii gari?"

"Ndiyo. Asubuhi ya leo."

"Injini pia?"

"Injini pia. Na chini."

Alizima taa. Kisha alitoa kichwa nje ya blanketi, akawaita wachomeleaji. "Wasee! Kujeni muone. Huyu mzee ameosha ushahidi!"

Walikuja wote wawili, miwani yao ya kazi ikiwa kwenye paji la uso. "Alidhani inaenda kuposa," mmoja alisema. Mwingine akauliza kama niliipaka na manukato. Fundi alitikisa kichwa. "Angekuwa mwizi ningemuelewa," alisema. "Lakini gari ni yake!"

Nilisimama pale nikiwa nimelishika daftari langu. Sikuona uchungu wa kuchekwa, kwani walikuwa na haki. Nilichokiona ni kwamba kwa miaka thelathini nimewakataza wanafunzi kusafisha ukurasa kabla ya kuusoma. Doa halifutwi mpaka ujue ni doa la nini. Nimewakaripia vijana wawili au watatu hadharani kwa kosa hilo, na sasa nililifanya mwenyewe, kwa sabuni na bomba la nguvu, nikawapa na vijana walionisaidia bakshishi.

"Tuna siku ngapi?" fundi aliuliza. Nilikuwa nimemweleza habari za mama na kanuni ya mlangoni.

"Nane. Lazima awe njiani Jumanne ijayo kabla ya saa sita na nusu."

"Basi hakuna kungoja wiki ingine. Twende na njia ya mkono."

Alitoa gesi iliyosalia, akaingiza hewa ya naitrojeni kwa shinikizo kubwa kutoka katika mtungi mrefu, akafunga, akapaka povu la sabuni kwa brashi ya rangi katika kila kiungo. Mimi nilichora mchoro wa mabomba na kutia alama kila kiungo kilichokwisha kupakwa. Tulimaliza saa nane na nusu. Povu halikufura mahali popote. Lakini mshale wa kipimo ulikuwa umeshuka, si sana, upana wa unywele, na baada ya saa nyingine ulikuwa umeshuka tena.

"Inatoka," alisema. "Na sioni." Alikaa kwenye kiti cha mbao, akajifuta mikono. "Hebu niambie, hicho kitabu chako kina nini kingine?"

Nilimsomea tangu mwanzo: nyuzi za joto, sauti ya kompresa, maji yanayodondoka chini ya gari. Hayo aliyapuuza, akisema maji ni ya kawaida. Nikafika kwenye utando wa mafuta.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Umeandika mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani ni mafuta ya mama ya kujipaka."

"Shosho alisema ni yake?"

Ilinibidi niseme kweli. "Alisema si yake."

Fundi aliinuka. Alichukua waya mwembamba, akauzungushia pamba mwishoni, akalala chini ya gari kwenye kipande cha katoni. Kuna mpira mdogo unaoteremsha nje yale maji ya kiyoyozi, nao hutoka sehemu iliyo ndani ya gari, nyuma ya dashibodi, ilipo koili inayopoza hewa. Bomba la waoshaji lingeweza kuosha mdomo wa mpira huo tu, si tumbo lake. Alisukuma waya ndani, akauzungusha, akautoa, akaniita chini ya blanketi. Alipowasha taa pamba iling'aa kijani mwanzo hadi mwisho.

"Ni koili ya ndani," alisema. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi, mwalimu. Dashibodi yote inatoka. Siku tatu za kazi, na plastiki ya gari mzee huvunjika kama biskuti." Alizima taa. "Ama nikutilie dawa ya kuziba. Inaenda na gesi, ikifika kwa tundu inaganda. Shosho amebakisha vikao vingapi?"

"Vinane. Miezi miwili."

"Dawa inaweza kufika miezi miwili. Inaweza pia kukataa. Na ikigandia mahali pengine inaua kompresa. Nakuambia yote mawili, uamue."

Nilikiri moyoni kwamba miezi miwili ndiyo niliyoihitaji, wala si siku moja zaidi. Lakini kulikuwa na swali ambalo bado sikuwa nimeliuliza.

"Fundi, gesi ile ya kwanza, iliyokwisha kwa siku nne. Ilivujia wapi?"

"Hapo hapo kwa koili."

"Na baada ya koili ilikwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu ambaye hakutaka kulisema. "Kwa matundu ya hewa. Upepo unapita juu ya koili, unaingia ndani na ile gesi, na mafuta kidogo. Ndiyo hiyo iko kwa kioo."

Mama alikuwa amekaa mbele ya matundu hayo siku mbili. Nilikuwa nimemfungia vioo ili asivute moshi wa barabara, na nikawasha upepo uliopita juu ya tundu lenyewe.

"Toa dashibodi," nilisema.

Jumanne asubuhi tulianza kwa kuchomoa betri na kunywa chai wakati umeme wa mfuko wa hewa wa ajali ukiisha katika nyaya. Mimi nilileta bahasha za khaki sitini na kalamu. Kila skrubu iliyotoka iliingia katika bahasha yake pamoja na mchoro wa mahali ilipotoka na namba ya hatua. Fundi alivumilia mpaka bahasha ya tisa.

"Mwalimu, unaifanyia gari mtihani wa kidato cha nne?"

"Nataka irudi kama ilivyokuwa."

"Mimi hukumbuka kwa mikono."

"Mikono yako ikiugua?"

Alicheka, na tangu hapo alianza kunyoosha kiganja nyuma bila kutazama, akingoja bahasha. Kazi ilikwenda polepole. Vishikizo viwili vya plastiki vilivunjika, kama alivyotabiri, na nikaviandika. Jumatano jioni dashibodi nzima ilikuwa imelala juu ya madumu mawili uwanjani, nyaya zake zikining'inia, na Alhamisi saa tano koili ilitoka. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, kiasi cha kitabu kikubwa cha sala, nayo imejaa majani makavu na vumbi lililoshikana kama zulia. Pembe moja ya chini ilikuwa na mafuta. Fundi aliziba matundu yake, akaitia naitrojeni, akaitumbukiza katika karai la maji. Tuliinama wote. Kutoka katika pembe ile palipanda uzi wa mapovu madogo, moja baada ya jingine, bila haraka. Tundu lenyewe halikuonekana kwa macho hata tulipolisafisha. Nililitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika.

Koili mpya ya gari la umri huo haikupatikana. Ijumaa tulikwenda wote kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, fundi akiwa amebeba karai na mtungi mdogo, na akakataa kununua chochote kisichoingia majini kwanza. Muuzaji alilalamika kwamba hakuna mteja anayemletea bahari dukani.

"Basi uza samaki," fundi alimjibu, akatumbukiza koili ya kwanza. Ikatoa mapovu. Ya pili ilitulia. Tuliinunua, lakini hakuifunga siku hiyo. Aliiacha na shinikizo ndani yake mpaka kesho yake asubuhi, akiwa ameweka alama ya kalamu kwenye kioo cha kipimo. Jumamosi mshale ulikuwa palepale kwenye alama.

Siku hiyo tulirudisha kila kitu, tukienda kinyumenyume kwa namba. Katika bahasha ya kumi na nne fundi alikuta skrubu tatu ambapo palikuwa na matundu manne, akaniinulia nyusi kwa furaha isiyofichika. Nilitazama mchoro wangu. Nilikuwa nimechora tatu. Ya nne ilikuwa imepotezwa na mtu mwingine, nchi nyingine pengine, kabla gari halijawa letu.

"Sawa," alisema. "Leo umeshinda." Akatafuta moja inayofanana katika kopo lake, akaifunga.

Alibadilisha vipete vyote vya mpira kwenye viungo tulivyofungua, akaunganisha pampu ya kunyonya hewa na unyevu, na kipimo kikaachwa Jumapili nzima, kwa kuwa Jumapili yeye huenda kanisani wala hashiki spana. Jumatatu mshale haukuwa umesogea. Ndipo alipotia gesi, kwa mizani, si kwa kukisia. Nilichomeka kipimajoto. Kilishuka mpaka nyuzi saba kikasimama.

Alipokuwa akifunga funguo zake aliniambia, bila kucheka safari hii, "Hiyo kioo uifute leo, vizuri. Halafu usiifute tena wiki mbili. Utaiangalia tu."

Jumanne mama alivaa viatu saa tano. Alishuka ngazi akipumzika kila ngazi ya tatu, akaingia, akangoja nifunge mlango. Nilikuwa nimewasha mtambo robo saa kabla. Aliweka kiganja mbele ya tundu la hewa, akakiacha pale. Kisha alipitisha kidole chake kwenye kioo, akakitazama, akakisugua kwa kidole gumba.

"Hii baridi ni ya leo tu?"

"Fundi anasema ni ya miaka."

"Fundi hakuulizwa. Nakuuliza wewe."

"Sijui, mama. Tundu tuliloliona tumeliondoa. Kama liko lingine, nitalitafuta."

Alifikiri kidogo. "Na ukiambiwa si mafuta ya kujipaka?"

"Nitaandika hivyo hivyo ulivyosema."

Alivuta mkanda akaufunga mwenyewe. Tulipopita malori ya kokoto, vumbi likaja juu ya kioo na kupita, yeye akanyoosha mkono kiti cha nyuma akitafuta shali.

"Punguza kidogo," alisema. "Unataka kunigandisha."

Tulifika dakika kumi na mbili kabla ya saa saba. Mama alifanya mazoezi siku hiyo, akahudhuria na vikao saba vilivyosalia.